Pengo Kati ya Pingili

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha eksirei kule Kisii, miaka ya sitini, sikuruhusiwa hata kugusa mashine. Nilivishwa aproni ya risasi ya kuzuia miale, nzito ajabu, nikaambiwa nishinde nayo hadi niizoee. Nyinyi vijana wa kompyuta mngelia. Sisi filamu tuliiosha gizani kwa dawa, tukaitundika ikauke, daktari akingoja.

Na tulikuwa na daktari! Daktari Mkuu wetu hakuwa na maneno mengi, lakini lile jicho lake, jamani, sijaona mfano wake tena.

Miaka ya sabini aliletwa Mama Kerubo kutoka Manga, mgongo unamuuma hata hawezi kusimama. Mwaka uliotangulia alikuwa amekatwa titi kwa ajili ya saratani. Picha ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa. Sote tukasema basi, saratani imesambaa. Mumewe akaomba ruhusa ampeleke nyumbani akafie kwa watoto wake.

Daktari Mkuu akaniagiza nipige picha nyingine ya ubavuni, nilenge pale pale palipoliwa. Akaiweka kwenye taa, akatuita.

"Acheni mfupa, tazameni pengo kati ya pingili," alisema. "Hapo hukaa kitakia laini. Saratani aghalabu hula mfupa, kitakia ikakiacha. Viini vya kifua kikuu hukila kitakia, vikaingia pingili ya pili. Sasa nionyesheni pengo."

Halikuwepo. Pingili zilikuwa zimekaliana.

Hakujigamba. Alisema picha huweza kudanganya, kwa hiyo atavuta usaha kwa sindano upimwe maabara. Mume hakutaka mkewe achomwe bure. Daktari akaketi naye kwenye benchi.

"Mzee, niachie mama kwanza. Jibu likiwa baya, nitamrudisha Manga mimi mwenyewe."

Jibu likaja: kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa wenye dawa. Mzee alilia mbele za watu bila haya, nami nikaingia chumba cha giza nikalia pia. Mama alilala chali miezi mingi, akidungwa sindano na kumeza vidonge, akapona.

Sasa nimestaafu, nalima ndizi zangu Mosocho. Mashine za leo ni bora, sibishi, lakini namkumbuka yule daktari kwenye benchi.

Siku ya kuniaga kazini Mama Kerubo alikuja, mgongo umepinda kidogo.

"Baba," akaniambia, "umenipiga picha nyingi, na hakuna hata moja yenye uso wangu."

Tukamwita mpiga picha wa mjini. Nikamletea mama kiti, akakikataa, akasimama.