Raba Niliyoianika Chanjani

Wiki hii mwalimu wa kemia alichoma salfa kidogo darasani, wenzangu wakaziba pua wakicheka. Mimi niliinamia daftari. Harufu ile ilinirudisha kijijini kwetu Mbuji, kwenye kibanda cha baba, nikiwa darasa la tatu.

Baba alikuwa fundi pancha. Alikuwa akikwangua tyubu, anaweka kipande cha raba mbichi inayonata vidoleni, anakibana kwa pistoni kuukuu, kisha anamimina mafuta ya taa ndani yake na kuwasha. Moto ukizimika, kiraka na tyubu vimekuwa kitu kimoja. Raba mpya aliificha kwenye debe chini ya kitanda. Hakutuambia kwa nini.

Siku moja mtungi wa maji ulivuja hadi debeni, raba ikalowa. Kwetu kitu kikilowa huanikwa. Nikaitandaza chanjani juani, pembeni ya kahawa ya mama, juma zima, jioni naianua kama kahawa na kuirudisha debeni, baba hana habari. Nilijiona mtoto mwenye akili kweli.

Baba alipoishika alinung'unika, "Mbona ngumu hivi? Raba za siku hizi!" Akaipaka petroli ili ilainike, akazibia tyubu ya pikipiki ya katekista aliyekuwa anateremka Kingerikiti. Kiraka kilibanduka mteremkoni, katekista akavunjika mguu.

Mkewe alikuja kibandani, watu wamejaa.

"Fundi, uliziba kwa raba au kwa ugali?"

"Nisamehe, mama. Niliziba kama siku zote."

"Ndiyo, kama siku zote, umelewa!"

Watu wakacheka. Baba hata pombe hanywi. Nami nilikuwa nyuma yake nimeshika pampu, kimya, maana nilidhani raba yangu haihusiki.

Wateja walihama mmoja mmoja. Baba akafunga kibanda, akaanza kulima kahawa ya watu. Tukimuuliza, anaitazama mikono yake. "Imeisha hii," anasema.

Sasa mwalimu ametueleza. Salfa hufunga nyuzi za raba zishikane, na kiwandani huongezwa kemikali ya kuharakisha kazi hiyo, hivyo hata joto la jua, likikaa siku nyingi, huivisha raba polepole. Ikishaiva, haishiki tena tyubu. Mikono ya baba haikuwa na kosa lolote. Raba niliipika mimi, chanjani.

Jumapili baba alipiga simu kwa matroni wa bweni letu, akaniuliza tunasoma nini siku hizi.

"Hesabu, baba," nikamjibu.