Anga la Mzee Willem

Harufu ya tapentaini haijawahi kunizoea, wala mimi sijaizoea. Fundi akianza tu kupaka rangi korido ya ofisini kwetu, narudi mbio hadi chumba cha kufulia nguo, chini ya nyumba moja ya matofali kule Silver Spring, Marekani, nilikofichwa likizo nzima ya kiangazi nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameajiriwa kumtunza mzee mgonjwa katika nyumba hiyo. Wakala aliyempa kazi alikataza kabisa watoto, na Mama Béa, jirani yetu Mkongo aliyekuwa akikaa nami, alikuwa amehamia mji wa Laurel. Basi kila asubuhi niliingizwa kwa mlango wa nyuma kama mali ya magendo. Humo ndani mlikuwa na mashine mbili, kapu la soksi, na dirisha dogo lililolingana na ardhi, hivi kwamba ulimwengu wangu wote ulikuwa nyasi na viatu vya wapita njia. "Usitoke humu," Mama aliniambia. "Wakikuona tu, hii job imeenda, na tutafunga virago turudi Bungoma." Bungoma, nyumbani kwao Mama, niliijua kwa simu tu, sauti ya nyanya yangu na majogoo nyuma yake, na niliogopa kupelekwa huko kuliko nilivyoogopa giza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa fupi mno.

Mzee mwenyewe alikuwa Mholanzi, mchoraji wa mandhari, jina lake Willem. Kiharusi kilikuwa kimeuua upande wake wa kulia na kumwachia maneno ya kuhesabika. Kwa kuwa hakuweza tena kupanda ngazi, kitanda chake kiliwekwa kulekule chini, katika chumba alichochorea, na mlango mmoja tu ndio uliotutenga. Picha zilijaa ukutani, na zote zilikuwa nchi ileile: ardhi bapa kama chapati, mfereji, ng'ombe wawili watatu wadogo kama punje za mchele, na juu yake anga, anga, anga. Alikuja Marekani kijana, akimfuata mkewe aliyefanya kazi ubalozini, akazeekea Maryland bila kuichora hata siku moja. Kabla ya kiharusi alikuwa akilalamika kwamba miti ya huku inaziba kila kitu, mtu haoni nchi inapoishia. Basi miaka yote hiyo alishuka ngazi kila asubuhi kwenda kuchora alikotoka. Mama alimhurumia sana kwa hilo, nami sikujua kwa nini.

Kilichonifichua ni chafya. Mzee aligeuza shingo, akaniona kwenye ufa wa mlango, akaweka kidole mdomoni. Mama alicheka hadi akakalia kapu la soksi. Tangu hapo, tukiwa sisi watatu tu, niliruhusiwa kukaa karibu na kiti chake cha magurudumu nikitazama. Alichora kwa mkono wa kushoto, na nusu ya kazi yake ilikuwa kufuta. Leo atapaka, kesho atakwangua kwa kisu na kupangusa kwa kitambaa chenye tapentaini, mpaka nikamwona kama mtu anayefua nguo safi. "Lucht," alikuwa akisema, neno moja la Kiholanzi lililokataa kumtoroka. Mwanzoni, kwa neno lilivyomkwaruza koo, nilidhani anakosa pumzi, nikakimbilia kumfungulia dirisha. Akacheka, akaonyesha picha. Kumbe kwao neno hilo ni hewa na ni anga pia.

Kiangazi kile alikuwa akichora tuta la mfereji lenye safu ya miti mirefu, na bintiye Anneke aliipenda picha hiyo kupita zote, kwa sababu alizaliwa jirani na miti hiyo na alishaahidiwa kupewa. Alasiri moja, Mama akiwa jikoni juu, mzee alianza kuikwangua miti, mmoja baada ya mwingine, akihema kwa furaha. Alipobakiza mmoja usingizi ukamchukua, kitambaa kikamponyoka. Mama alishuka, akakiokota, na hapohapo tukasikia Anneke anaingia bila taarifa. Nilirukia chumba changu. "Who did this?" aliuliza, na sauti yake ikapasuka. Mama akamjibu, "Oh, sorry, my dear. So sorry."

Mama alikuwa anampa pole. Kwetu ukijikwaa, hata aliye ng'ambo ya barabara atakwambia pole, na si yeye aliyekuwekea jiwe. Lakini Kiingereza kimezifungia pole na samahani ndani ya neno moja, na Anneke alisikia samahani, kutoka kwa mfanyakazi aliyeshika kitambaa chenye rangi. Akatoa simu ampigie wakala. Mama akazidi, "Sorry, sorry," na kila sorry ilimchimbia shimo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi, nyuma ya mlango. Nikikaa kimya, Bungoma. Nikitoka, Bungoma vilevile. Nililia kidogo, kisha miguu ikanitoa.

Nilisema kwa Kiingereza, maana hata Mama akinisemesha Kiswahili nilikuwa namjibu hivyo, kwamba Mama hakuharibu kitu, anampa pole tu, na mzee amekwangua mwenyewe kama afanyavyo siku zote. Anneke alinitazama kana kwamba mashine ya kufulia imesema. Mzee alikuwa ameamka. Akanyoosha mkono, akachukua kitambaa mkononi mwa Mama, akaufuta mti wa mwisho mbele ya macho ya bintiye. "Lucht," akasema. Anneke aliweka simu chini, akaketi kitandani akalia. Kisha akamwambia Mama, "I'm sorry." Mama, ambaye kwake hiyo ni pole, akajibu, "Thank you."

Kazi ikapona, ila mimi sikuruhusiwa kurudi. Likizo iliyobaki nilifungiwa katika nyumba yetu ya kupanga, mapazia chini, televisheni sauti ndogo, nisimfungulie hata mchungaji. Mzee Willem alifariki kabla majani hayajaanguka.

Sasa naishi mji wa Falls Church, mwanangu huenda kambi ya kuogelea kila kiangazi na bado hunung'unika. Mama aliendelea kutunza wazee mpaka mgongo ukakataa, na nyumbani alirudi mara moja tu, kumzika nyanya. Miaka yote nimekisimulia kisa hiki kwa majigambo: jinsi nilivyomwokolea Mama kazi. Mwezi uliopita nilimsimulia mwanangu, jikoni kwa Mama. Mama alingoja mtoto atoke. "Siku ile," akasema, akiendelea kukata mboga ya sukuma, "alipotoa simu, nilisikia mzigo umenitoka. Nikasema, Mungu ameamua mwenyewe, sasa naenda kwa mama yangu akiwa bado hai." Alikusanya majani kwa kiganja, akayatia sufuriani. "Halafu mlango ukafunguka, ukatoka wewe."