Mgonjwa Hukaa Mbele

Sijapata kuichukia adabu kama nilivyoichukia kwenye feri ya Kilifi. Ilikuwa miaka ya themanini, daraja halijajengwa, na mtu wa Malindi akitaka kufika Mombasa kwa gari sharti avushwe. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zima, la kulia linaanza kuingia ukungu, na daktari wa macho kule Mombasa alipokea wagonjwa wapya Jumatano asubuhi tu. Ukichelewa, rudi wiki ijayo.

Gari langu lilikuwa kuukuu na injini yake imechoka. Kwenye tambarare lilikwenda bila taabu. Mlimani lilikubali kupanda kama tu lilifika chini ya mlima likiwa tayari na mwendo.

Jumatano ya kwanza, kijana aliyepanga magari kwenye feri alimwona mama na kitambaa chake jichoni, akapaza sauti: "Pana mgonjwa hapa! Mpisheni apite mbele!" Magari yote yakatupisha. Mama akawashukuru, nami nikashukuru. Tulipofika ng'ambo, upande wa Mnarani, pua ya gari letu ilikuwa juu ya mlango wa chuma wa feri uliolazwa, na mbele yake gati ya saruji inayopanda, imelowa chepechepe. Nikakanyaga mafuta. Gari likapanda kidogo, likanguruma, likazima, likarudi nyuma nusura ligonge lori. Honi zikalia pande zote. "Mwanamke na gari wapi na wapi!" akasema mmoja. Wale wale waliotupisha kwa heshima ndio waliotusukuma kwa kejeli. Kliniki tuliikuta imekwisha fungwa.

Nilikasirika wiki nzima. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikaona bora hasira yangu ifanye kazi. Nikapeleka gari kwenye uwanja wa shule, nikachukua utepe wa kupimia michezo, nikapima linahitaji umbali gani kutoka kusimama hadi kupata mwendo wa kupandia gati ile. Nikalinganisha na urefu wa feri. Nafasi ilikuwepo, tena ikabaki kidogo, lakini kwa gari lililo nyuma kabisa, wengine wote wakishashuka. Mbele hapakuwa na nafasi hata ya kuku kuruka.

Jumatano ya pili nikangoja magari yote yaingie, nikaingia wa mwisho, nyuma ya lori la mkaa. Kijana yule akaja mbio.

"Mwalimu, pita mbele, wenzio watakupisha."

"Nakaa hapa hapa. Gari lataka nafasi ya kukimbia kabla ya kupanda."

"Haiwi! Mgonjwa hukaa mbele. Wataka watu waseme hatuna utu?"

Bibi mmoja aliyekuwa akivuka bila gari akachungulia dirishani. "Mwanangu, mbona wamweka mamako nyuma kama mzigo?"

Nikawaka. "Huo utu wenu ndio uliotukosesha daktari! Jicho la mama yangu linakufa, nanyi mwanihesabia nani yuko mbele?"

Wakaachana nami. Hawakushindwa hoja, waliona tu hapana haja ya kubishana na mtoto asiye na adabu. Bibi yule akampa mama pole, mimi hakuniangalia.

Magari yakashuka moja moja, mpaka feri ikabaki tupu mbele yetu. Nikatia gia ya kwanza, nikakimbiza, nikatia ya pili kabla ya mlango wa chuma, na gari likaipanda gati bila kusita mpaka juu barabarani. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

"Mama, umeona? Limepanda!"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Nimesikia," akasema. "Na wao wameona. Mwanangu mwenyewe ameniweka nyuma ya magunia ya mkaa."

Nilimweleza habari za mwendo na umbali njia nzima, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Kliniki tulifika mapema, daktari akampima, akasema jicho lingali laweza kuokolewa, akatupa siku ya kupasuliwa.

Mama akamwuliza yeye, si mimi, kama basi la kwanza kutoka Malindi lingemwahisha siku hiyo.