Aliyefagia Nyayo za Kasa

Mselem Kombo alikuwa kijana wa mjini hasa, wa Ngamiani, Tanga: shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Sasa mtu kama huyo, Machi 1956, kapelekwa pwani ya Ushongo kujifunza utafiti wa wanyama! Kazi yenyewe? Kuhesabu viota vya kasa wanaopanda pwani kutaga. Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Mwalimu wake, Mzee Laurenti, Mbondei wa Muheza, akiandika barua nzuri, ataajiriwa. Asipoandika, atarudi kwa mama yake mikono mitupu. Na Mselem aliitaka kazi hiyo, wallahi, kuliko alivyotaka kuoa.

"Kasa huacha mburuzo mchangani kama gunia lililokokotwa," Mzee Laurenti alimfundisha siku ya kwanza. "Ukiuona, andika. Lakini kiota usichimbe, mayai yataharibika."

Kisha mzee akaenda Muheza wiki mbili kumuuguza mkewe, Praxeda. Kila asubuhi Mselem alitembea pwani nzima na daftari lake. Akikuta mburuzo, huhesabu hatua kutoka mti wa mvinje ulio karibu, akaandika. Halafu, na hapa ndipo alipoharibu, huchukua kuti akaufagia wote mpaka majini. Mama yake, Bi Mwatumu, hakumpa mtu chai uwanja haujafagiwa, na Mselem kwake kazi isiyofagiwa haijaisha. Tena alijiambia, akifuta hatauhesabu mburuzo mmoja mara mbili. Akili hiyo!

Mzee Laurenti aliporudi alikuta daftari lina viota tisa, na pwani safi kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyayo ziko wapi?"

"Nimezifagia."

"Umefanya nini?" Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi nimeagizwa nihakiki kila kiota kwa macho yangu. Sasa nihakiki hewa? Mwaka jana kijana mmoja alishinda akinywa madafu, akaniletea viota arobaini vya kichwani mwake. Nitajuaje kama wewe si mwenzake?"

"Tuchimbe kimoja, mzee, uone mwenyewe."

"Uue mayai mia uokoe kazi yako?"

Aibu ilimwingia Mselem mpaka masikio yakawaka. "Basi, tusichimbe," akasema.

"Mayai huanguliwa kwa siku kama sitini," mzee akajibu. "Tutangoja."

Wakangoja. Viota vipya sita vilipopatikana, Mselem hakuthubutu kufagia. Mzee akavihakiki vyote. Lakini wanyama walao mayai nao wana macho: wakaifuata ile miburuzo, wakavichimbua vyote sita. Mselem aliokota maganda huku akilia kwa hasira, bila kujali nani anamwona. Idd ikampita huko huko. Angekwenda Ngamiani kusema nini?

Siku ya tatu baada ya Idd, asubuhi, alifika hatua thelathini na mbili kutoka mvinje wa kwanza. Mchanga ulikuwa umebonyea, na kutoka hapo vijinyayo mamia kwa mamia vimeelekea majini. Kikasa kimoja kilichochelewa kilikuwa bado kinajikokota.

"Mzee! Mzee Laurenti! Njoo!"

Mzee akaja mbio, kofia mkononi. Akafungua daftari: hatua thelathini na mbili. Mpaka mwezi unakwisha, viota vinane kati ya vile tisa vilikuwa vimeanguliwa, kila kimoja pale pale kilipoandikwa. Hakuna mla mayai aliyevigusa, maana hapakuwa na nyayo za kumwonyesha njia.

Ndipo mzee akatoa barua mfukoni, imekunjika na kuchakaa pembeni. Mselem akaisoma. Ilikuwa barua nzuri, na tarehe yake ilikuwa ya siku ile aliposema tusichimbe.

"Mzee! Miezi miwili unaniacha nakosa usingizi!"

"Nilikuwa sijajua idadi ya viota, nikaacha nafasi," Mzee Laurenti akasema. "Lete kalamu tujaze. Kisha ukakate makuti mawili, moja lako, moja langu."