Albamu ya Kwanza ya Kiitikio

Sauti yake ilijulikana na kila mtu, ila yeye mwenyewe hakujulikana na mtu. Kazi yake ilikuwa kuitikia. Msanii akiimba "nakupenda", yeye nyuma anaitikia "pendaa". Msanii akilalamika kwamba ameachwa, yeye nyuma anamsaidia kulia. Alianza akiwa binti mwembamba kama ufito, na sasa alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye mwili wake wa heshima, na bado anaitikia. Albamu za watu zilitoka, zikavuma, zikachuja, na jina lake halikuonekana kwenye jalada hata moja. Studio zote walimwita Kiitikio, na jina likamganda mpaka watoto wake wakalitumia wakidhani mama yao hasikii.

Tabia ya kazini ikamfuata nyumbani. Mumewe akisema leo tulale mapema, yeye: mapema. Watoto wakisema mwalimu anaumwa, hakuna shule, yeye: hakuna? Haya, hakuna. Mumewe alipenda kuwasimulia watu kwamba siku aliyomwambia "nataka kukuoa", mwenzake alijibu "kukuoaa", tena kwa sauti ya tatu.

Mume huyo aliuza magodoro. Duka lilikuwa mbele, ghala nyuma, na familia ilikaa ghorofani pamoja na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa matroni mstaafu wa shule ya bweni. Alikuwa ameamsha mabweni mazima kwa neno moja miaka nenda rudi, na kustaafu kulimnyima wasichana wa kuwaamsha, sauti akabaki nayo.

Jambo lenyewe lilianza kwa uvivu wa mtu mwingine. Msanii mmoja alichelewa studio, na prodyuza akamwomba Kiitikio aimbe chochote ili yeye apime maikrofoni. Kiitikio akaimba wimbo wake. Alikuwa nazo nyimbo, amezitunga akifuta vumbi kwenye magodoro, nyimbo za magitaa makali na ngoma za kugonga kifua, wala hakuwahi kumwonyesha mtu. Prodyuza aliacha kutafuna. Akauliza wimbo ni wa nani. Akaambiwa ni wangu, na upo na wenzake. Akauliza nani ataziimba.

"Mimi," alisema Kiitikio, kisha akageuka kuangalia ni nani aliyesema.

Shida ilikuwa mahali pa kurekodia. Prodyuza alikuwa anahamishwa, jengo lake linafanywa saluni. Siku alipokuja dukani kununua godoro, aliingia ghalani, akapiga makofi, na makofi yakafia mkononi. Pande zote magodoro yamesimama mpaka darini, hakuna mwangwi, hakuna kelele ya barabarani. Hakutoka tena. Mumewe Kiitikio alikubali ghala ligeuzwe studio, bila kinyongo, kwa sharti moja kwamba biashara isisimame.

Mama mkwe hakumung'unya maneno. Alisema muziki wa waimbaji wanaoheshimika huimbwa mtu amekaa. Huu wa kupiga kelele mbele ya nyaya za umeme, alisema, ni ugonjwa, na ugonjwa una hospitali yake. Akapanda zake juu, akafunga mlango, akaufungua tena ili asikie vizuri.

Siku ya kwanza ya kurekodi, magitaa yakaanza, ngoma zikaingia, na Kiitikio akasimama mbele ya maikrofoni, amevaa hedifoni, amefunga macho, anasubiri. Muziki ukapita. Wakarudia. Ukapita tena. Prodyuza akamuuliza kulikoni, naye akaona haya kusema. Maisha yake yote mtu alikuwa anaanza, yeye ndipo anafuata. Sasa mbele yake hakuna mtu, na koo lilikuwa limesimama mlangoni likingoja kukaribishwa.

Walijaribu kila njia. Prodyuza alimnyooshea kidole, akawa anaingia kidole kikishashuka. Wakamwashia taa, akaishia kuitazama. Mpiga gitaa, ambaye mchana alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, akajitolea kumwanzishia mstari. Alikuwa na sauti ya mlango wa gari uliogongwa. Kiitikio aliitikia vizuri sana, lakini wimbo ukawa wa fundi.

Ndipo mama mkwe akashuka kutafuta chupa ya chai. Akasimama katikati ya magodoro, mikono kiunoni, akamtazama mke wa mwanawe anayumba kwenye mapigo bila kutoa neno.

"We mama, unasubiri nani?" akauliza. "Anza!"

Na Kiitikio akaanza. Sauti ilitoka kama maji ya bomba lililokatwa wiki nzima, kwanza hewa, kisha mtikisiko, kisha yote kwa pamoja. Fundi bodi nusura aachie gitaa. Wimbo ulipokwisha, mama mkwe alikuwa bado amesimama, amesahau chai.

Walipojaribu wimbo wa pili bila yeye, koo likafunga tena. Ikabidi mama mkwe apelekewe ujumbe ghorofani. Aliupokea kwa uzito unaostahili. Alisema yeye ni mtu mzima, ana magoti, hawezi kusimama. Basi wakampangia magodoro sita, moja juu ya jingine, akapandishwa, akakaa juu huko kama jaji. Kila wimbo ulipofika mahali pake, alitoa amri. Mara "haya, twende", mara "wasichana, amkeni", na wimbo wa mapenzi ulipofika, akasema "anza, lakini kwa adabu". Prodyuza alikuwa akizikata amri hizo baadaye kwa mashine yake. Moja ilimponyoka ikabaki, nayo ilisema "anza, chai inapoa".

Wakati huohuo biashara haikusimama. Ilikuwa msimu wa shule kufunguliwa, wazazi wanamiminika, na mume alikuwa mtu wa kushika neno. Mteja akitaka la inchi nane, alinyata ghalani katikati ya wimbo na kubomoa ukuta wa kaskazini. Prodyuza alimwomba auze kwanza ya upande wa pili. Akamjibu kwamba upande wa pili ni ya watu wawili, hayatoki haraka. Ndiyo maana ukiisikiliza albamu ile, wimbo wa kwanza umetulia kama chumba cha kulala, na wa mwisho unavuma kama tangi tupu. Mchambuzi wa redioni alisifu safari hiyo ya sauti kutoka ndani ya nafsi hadi ulimwengu mpana. Mume alidhani anasifiwa magodoro, akashukuru.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili alasiri, katika jumba la sinema la zamani. Mama mkwe aliwekwa kiti cha mbele kabisa, katikati, kwa kazi maalumu. Watu walijaa kuliko ilivyotarajiwa. Taa zikawaka, magitaa yakaanza, Kiitikio akasogea kwenye maikrofoni na kumwangalia mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa anaangalia jukwaa. Nyuma yake alikuwa amewagundua wasichana wake wa bwenini, sasa wanawake wenye wajukuu, na alikuwa amegeuka kabisa akiwauliza nani aliolewa na nani, na yule mkorofi wa kitanda cha dirishani yuko wapi. Magitaa yakazunguka. Yakazunguka tena. Fundi bodi akaanza kutoka jasho. Kiitikio alikohoa, akakohoa tena, na mama mkwe, bila kugeuka, akapunga mkono kumwambia asubiri kidogo.

Kitu kikampanda Kiitikio toka kisigino.

"Mama," alisema, na maikrofoni ikalipeleka neno mpaka viti vya nyuma, "naomba unyamaze. Naanza."

Mumewe, aliyekuwa mlangoni, alijificha nyuma ya pazia. Mama mkwe aligeuka polepole, akaangalia jukwaa. Na Kiitikio akaimba, akaimba zote, mfululizo, bila amri ya mtu, hata wapigaji wakawa wanamkimbiza yeye.

Walirudi kwa gari la kupelekea magodoro, wote watatu mbele, mama mkwe katikati. Wakavuka daraja.

"Nimenyamazishwa mbele ya wasichana wangu," alisema mama mkwe.

"Nisamehe, Mama."

"Sijasema umekosea." Akarekebisha kitambaa chake. "Lakini wimbo wa tatu umechelewa kuingia."

Kiitikio alifikiri kidogo. "Hapana, Mama. Sijachelewa. Ni gitaa lililowahi."

Mume alikanyaga breki katikati ya barabara tupu. Tangu amwoe hakuwa amelisikia neno hilo "hapana" likitoka upande ule. Mama mkwe alimwambia mwanawe aendeshe gari, hakuna aliyekufa, kisha akabishana na Kiitikio habari za gitaa mpaka nyumbani. Alionekana amepungua miaka kumi.

Albamu haikumtajirisha mtu. Ilipigwa saluni, ikapigwa kwenye mazoezi ya viungo, na jina lake halisi likaandikwa kwenye jalada, herufi kubwa. Watoto walilisoma mara mbili kuhakikisha ni la nani. Baada ya mwezi, ukumbi wa mji mwingine ulimpigia simu kumwalika, naye akakubali hapohapo, bila kumuuliza mtu. Mume alipopata habari akauliza, sasa nani atakaa dukani, nani atapika, nani atawaamsha watoto.

"Wewe," alisema Kiitikio, akapanda juu kufunga mizigo.