Amplifaya Mbili Chini ya Kitambaa

Saa tatu asubuhi, moshi wa lehemu unapanda taratibu katika chumba chembamba chenye dirisha moja. Fundi wa redio na amplifaya, Mama Sauti kama wateja wanavyomwita, anageuza amplifaya ndogo ya hedifoni kwenye mwanga.

"Hii haina ugonjwa," anasema. "Siifungui."

Mwaka jana msimamo huo nusura uvunje ushirika wake na shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayeshughulikia wateja. Shemeji alikuwa amepata habari kwamba ukitoa kapasita za kiwandani, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, na kuweka za bei mbaya, muziki unanoga. Wateja walishaanza kuulizia.

"Shemeji, watu wanataka, sisi tunalala!" alifoka.

"Siuzi nisichokisikia," akajibiwa.

Mama Sauti akachukua amplifaya mbili za aina moja. Moja akaibadilisha vipuri, nyingine hakuigusa. Akasawazisha sauti kwa mita, maana inayopiga juu zaidi hudanganya sikio, kisha akazifunika kwa kitambaa.

Shemeji alisikiliza huku amefumba macho. "Ya kulia! Nywele zimenisimama!"

Kitambaa kikafunuliwa. Ya kulia ndiyo ile ambayo haikuguswa.

"Nilinuna siku nzima," shemeji anakumbuka akicheka. "Mke wangu akadhani nimefiwa."

Wiki hiyohiyo akaja mtangazaji mstaafu, mgane, akitaka amplifaya yake iwekewe kapasita mpya. Kanda za vipindi alivyotangaza na marehemu mkewe zilikuwa zinasikika upande mmoja tu.

"Mzee, kapasita zako nzima," fundi alimwambia. "Kilichokufa ni hiki cha kuzungushia sauti. Kimelika."

Akakibadilisha. Mzee akavaa hedifoni, akaweka kanda moja.

"Kumbe alikuwa anacheka pembeni wakati nasoma habari," akasema. "Miaka yote sikumsikia."

Tangu hapo shemeji ndiye anayewarudisha wateja wenye vifaa vizima, na kwa mbwembwe kweli. Wengine huondoka wamevimba. Wengi hurudi na redio mbovu.

Sasa Mama Sauti anaunda amplifaya yake mwenyewe, kuanzia ubao mtupu. Ikikamilika, ataiweka mezani mlangoni, imefunikwa pamoja na ya dukani.

"Atakayeona yangu haiishindi hiyo nyingine, achukue ya dukani," anasema, akishika tena chuma cha kulehemu. "Lakini ile ya majaribio nimeshaisikiliza. Wataichukua."