Bega Langu kwenye Rundo la Pamba

Nisikilize, wewe uliyeambiwa kwamba mwili wako haufai kazi. Siku yangu ya kwanza ya kupanga madaraja ya pamba, yaani kuamua ipi ni safi na ipi ni fifi, ilikuwa kwenye kituo cha kununulia pale Kasoli, wilayani Bariadi. Msimamizi wa kituo aliniambia, "Zamisha mkono mpaka kwapani. Wakulima huficha mchanga na maji chini ili kuongeza uzito."

Nikazamisha. Nilipouvuta, bega likachomoka. Nikaegemea gunia, nikalirudisha, ko! kama nilivyozoea tangu utotoni. Mkulima mwenye pamba akaruka.

"Mayu we! Mama, umefungwa kwa kamba?"

"Kamba mbovu," nikamjibu. "Na pamba yako ina mchanga."

Watu wote walicheka, isipokuwa yeye.

Baadaye nilihamishiwa Lingeka, kisha nikarudishwa Bariadi. Vidole vilikunjika kinyume, magoti yaliteguka hata nikitembea mahali tambarare. Shangazi alisema nimelogwa. Msimamizi wa Lingeka alisema nategea. Kila nilipopigwa picha ya mifupa niliambiwa iko sawa.

Nilikuwa tayari na wajukuu, daktari wa hospitali ya rufaa Mwanza aliponiuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Nani mwingine kwenu yuko hivi?"

Nikamtajia marehemu baba, na mdogo wangu wa kike.

Akanieleza taratibu. Mwilini kuna nyuzi zinazoshikilia viungo, ngozi, hata mishipa ya damu, kama uzi unaoshona gunia. "Zako zimesokotwa legelege tangu tumboni. Umerithi. Hatuna dawa ya kuzikaza, lakini tunaweza kukufundisha kuimarisha misuli, na namna ya kuvilinda viungo."

Nilitoka pale kichwa juu. Sikulogwa. Sikutegea.

Meneja wa ununuzi alipopata habari, akaniita. "Mama, pumzika sasa. Nenda nyumbani."

"Nani kakuambia nimechoka?"

"Bega likitoka mbele ya wakulima, nitawaambia nini?"

"Waambie linarudi."

Hakucheka. Nikamweleza kwamba sitazamisha mkono tena. Kila mkulima atamwaga pamba yake kwenye turubai, aigeuze mwenyewe, mimi niangalie.

"Foleni itafika barabarani!"

"Ifike. Nijaribu siku moja. Nikishindwa, nitaondoka mwenyewe."

Siku ya jaribio foleni ikafika kweli. Meneja alisimama pembeni, mikono kiunoni. Mzee mmoja akafoka, "Huyu mama anatufanyisha kazi yake!"

"Ndiyo, baba. Geuza na ule upande."

Alipogeuza, pamba iliyolowa ikaonekana. Walio nyuma yake wakapiga kelele, kisha mmoja mmoja wakaanza kufungua magunia yao, wakichambua fifi kabla hawajanifikia. Kufikia mchana foleni ilikuwa fupi. Meneja alinijia na neno moja tu: "Kesho nitaleta turubai la pili."

Nilistaafu umri wangu wa kustaafu ulipotimia, kama wenzangu. Leo bado nafanya mazoezi niliyofundishwa, na mkanda wa goti nauvaa juu ya gauni. Anayetaka kushangaa na ashangae. Mdogo wangu, aliyeitwa mvivu maisha yake yote, naye amepimwa, akakutwa na hali hiyohiyo.

Kama viungo vyako vinateguka mara kwa mara, nenda hospitali. Mweleze daktari habari za kila kiungo, kisha umtajie ndugu zako wote walio kama wewe, hata asipouliza.